Miche Arobaini ya Sabuni

Wafungwa walimpa jina la Bwana Wino, na wala hawakumwonea. Katika gereza lile dogo, lenye mabweni manne na tangi la maji linalovuja mwaka mzima, yeye alikuwa mtunza amana, mtunza stoo na muuza duka, vyote kwa pamoja. Kofia tatu, kichwa kimoja, mshahara mmoja. Karatasi yoyote iliyofika mezani kwake ilibidi iwe imeandikwa kwa wino. Ikija ya penseli hakurefusha maneno: aligonga muhuri wa tarehe, akaandika pembeni kwa kalamu yake nyekundu, "Irudishwe, iandikwe kwa wino," halafu akanywa chai yake. Hata mkuu wa gereza aliwahi kurudishiwa barua. Alicheka, lakini akaiandika upya.

Basi Jumanne moja asubuhi akaja mwanamke kwenye kidirisha cha amana. Alikuwa mtu mzima, kitenge kimekazwa vizuri kiunoni, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana na kupauka kwa maji. Ukiona vidole vile huhitaji kuuliza kazi. Ni dobi.

"Hodi, kaka. Nina mdogo wangu humu. Yule wa karakana ya sabuni, aliyeharibika jicho."

"Namjua."

"Ameandika madai yake, anataka kulishtaki gereza. Sasa mimi natoka mahakamani. Karani wa kule kaniambia ada ya kufungua kesi ni elfu sitini, na ada hulipwa na mdai mwenyewe. Nami si mtu wa kuomba kusamehewa. Nimeileta."

Akafungua kitambaa. Noti zilikuwa ndogondogo, zimekunjwa mara nne nne, nyingine bado zina unyevu. Bwana Wino alisema maneno ambayo ameyasema maisha yake yote pale dirishani: "Pesa ya mfungwa huwekwa hapa." Akahesabu mara mbili, akaandika daftarini jina la mfungwa, namba yake, shilingi elfu sitini, tarehe, saini. Akampa stakabadhi. Dobi akaikunja kwa heshima, akaitia kifuani, akashukuru, akaondoka na uso wa mtu aliyetua mzigo.

Tazama sasa. Karani wa mahakama alisema kweli. Dobi alisikia sawasawa. Bwana Wino alifuata kanuni. Watu watatu wote wamefanya kazi yao, na kati yao wamemfunga yule kijana mara ya pili.

Maana kesho yake, Jumatano, kijana mwenyewe aliletwa dirishani na askari. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, jicho la kushoto limefunikwa na utando mweupe. Mkononi ana bahasha.

"Afande, naomba cheti cha salio. Nimejaza fomu ya msamaha wa ada. Mahakama inasema mfungwa asiye na kitu anafungua kesi bure, mradi gereza lithibitishe kwamba akaunti yake haizidi elfu tano."

Bwana Wino alifungua daftari, ingawa hakuwa na haja ya kulifungua. Alijua ameandika nini jana.

"Una elfu sitini."

"Mimi?" Kijana akacheka. "Afande, mimi sina hata ya dawa ya meno."

"Dada yako amekuwekea jana. Kwa ajili ya hiyo hiyo kesi."

Kicheko kikamkauka. Alisimama akitazama daftari kwa jicho moja, akageuza kichwa kidogo ili alione vizuri.

"Basi zitolewe zikalipwe."

"Fedha ya mfungwa haitoki taslimu mpaka atoke mwenyewe. Au mkuu wa gereza aidhinishe."

"Ambaye ndiye ninayemshtaki."

"Huyo huyo."

"Afande, Ijumaa kunatimia mwaka tangu niumie. Saa tisa mahakama inafunga, na baada ya hapo kesi yangu haipokelewi hata nikienda na gunia la dhahabu." Hakupandisha sauti. "Yaani nina pesa nyingi mno kusamehewa, na siwezi kuzigusa ili nilipe. Si ndivyo?"

"Ndivyo," akasema Bwana Wino, akalifunga daftari.

Alikwenda kwa mkuu wa gereza siku ile ile, fomu ya idhini imejazwa kwa wino, mistari imenyooka. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mazoea ya kuwaulizia watumishi hali za watoto wao. Alisoma fomu, akasoma tena jina, akaiweka chini ya kikombe.

"Iache. Nitaiangalia Jumatatu."

"Ijumaa ndiyo mwisho, afande."

"Jumatatu," akasema mkuu kwa upole. "Mtoto wako mdogo anaendeleaje na kile kikohozi?"

Jioni, nyumbani, Bwana Wino alikaa jikoni akimtazama mkewe akichambua mchele. Si kawaida yake kuleta habari za kazini mezani, lakini siku hiyo alizimwaga zote. Mkewe alisikiliza bila kuinua macho kwenye ungo.

"Na aliyezipokea hizo pesa nani?"

"Mimi."

"Ungemwambia yule mama azipeleke benki kwa jina la nduguye, zingefika mahakamani?"

"Zingefika."

"Basi umeziingiza wewe, zitoe wewe."

"Mama watoto, nimekwambia hazitoki! Zinatoka kwa kuachiwa, au kwa idhini, au kwa kununua dukani. Basi."

"Na dukani mnauza nini?"

"Sabuni. Chumvi. Ndala. Biskuti zikiwepo."

"Maskini dada wa watu," akasema mkewe, akitupa kijiwe nje kupitia mlangoni. "Amefua nguo za watu mpaka vidole vimekwisha, pesa zake zije ziishie kwenye chumvi."

Bwana Wino alisogeza kikombe chake pembeni. Mkewe akadhani amemuudhi, akamwongezea chai.

Alikuwa na jambo jingine ambalo hakulimwaga. Mwaka uliopita, wiki tatu kabla ya ile ajali, bwana karakana alimletea fomu ya kuomba miwani ya kinga, sita, kwa ajili ya wanaopika sabuni. Kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, ikichemka hurusha matone, na tone moja linatosha. Fomu ilikuwa ya penseli. Bwana Wino aligonga muhuri, akaandika kwa kalamu nyekundu maneno yake yale yale, akairudisha. Bwana karakana naye akaitupa kwenye droo, akanuna. Siku aliyoungua yule kijana ndipo alipoikumbuka, na kesho yake ikaja fomu nyingine, ya wino, na ile ya penseli imebanwa nyuma yake. Miwani ilifika baada ya mwezi. Mpaka leo imening'inia karakana, miwili bado iko kwenye mfuko wake wa plastiki. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakuwahi kusema. Lakini kila alipomwona kijana yule akigeuza kichwa ili aone, alihisi aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu ashindwe kumaliza chakula.

Alhamisi asubuhi alifungua kitabu cha kanuni za duka, kurasa kumi na moja ambazo angeweza kuzisoma usingizini. Kanuni ilisema mfungwa atanunua mahitaji yake kwa fedha iliyo kwenye amana yake. Haikusema mangapi. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuisoma kanuni kwa ajili ya kile isichosema. Akafungua ukurasa mwingine: vitu vya mfungwa vyaweza kukabidhiwa kwa jamaa yake, kwa saini ya mfungwa, ya jamaa na ya mtunza amana. Fedha haitoki. Vitu vinatoka. Ebo! Akasimama, akakaa, akasimama tena.

Akaagiza kijana aletwe.

"Duka lina miche arobaini ya sabuni," akamwambia. "Mche mmoja elfu moja na mia tano. Piga hesabu."

Kijana hakuhitaji kupiga hesabu. "Elfu sitini kamili."

"Ukinunua, salio lako ni sifuri, na cheti nitakiandika leo hii. Sabuni nitamkabidhi dada yako kesho. Yeye ni dobi, haitamwozea."

Kijana aliitazama miche ile iliyopangwa rafuni, ya rangi ya kahawia, imekatwa vibaya pembeni, na alama ya gereza imegandamizwa juu ya kila mmoja.

"Ni ile tunayopika wenyewe?"

"Hapa hakuna nyingine."

"Afande, unajua kwamba huenda mmoja wao ni wa siku ile ile?"

Bwana Wino alijua. Pale stoo sabuni ilikaa muda mrefu. Wafungwa wengi hawakuwa na pesa ya kuinunua. Akaisogeza fomu ya manunuzi mbele ya kijana.

"Nipe yote," akasema kijana, akachukua kalamu akatia saini. Kwa wino.

Ijumaa dobi aliitwa kwa simu. Alifika saa sita, akidhani anakuja kuchukua risiti ya mahakama. Kwenye kidirisha alikuta maboksi mawili. Bwana Wino alimweleza yote, tangu mwanzo, bila kujipunguzia, na yule mama alimsikiliza huku uso ukibadilika kidogo kidogo.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza, kaka. Miezi mitano nimefua mashuka ya nyumba ya wageni. Mashuka ya nyumba ya wageni, unayajua wewe? Nimekosa usingizi, nimekosa kodi, nikaja kukupa mkononi mwako. Na leo unanipa sabuni?"

"Kosa ni langu, dada. Nilizipokea bila kufikiri."

"Sokoni mche huu bei gani?"

"Elfu moja na mia mbili."

"Na ninyi mmeniuzia?"

"Elfu moja na mia tano."

"Kwa hiyo mmemla ndugu yangu jicho, na juu yake mmekula faida!" Sauti ilipanda, askari wa lango akageuka. "Sabuni ile ile iliyomuunguza! Niipeleke nyumbani kwangu? Niishike kwa mikono hii?" Alikuwa akilia sasa, kwa hasira, na alikasirika zaidi kwa sababu analia. "Ningekuwa na pa kuitupa ningeitupa mbele yako."

 Bwana Wino alisubiri mpaka yule mama alipojifuta uso na ncha ya kitenge, ndipo akasema, "Cheti kiko tayari. Hati za mfungwa hupelekwa na mtumishi, kwa kitabu cha kupelekea barua. Zamu ni yangu. Twende wote, dada, saa tisa haitungoji."

Wakaenda. Yeye alibeba boksi moja na bahasha, dobi akabeba jingine.

Masjala ya mahakama ilikuwa chumba kirefu chenye kaunta na feni isiyozunguka, na foleni iliyoanzia mlangoni. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu walipoingia, saa nane na robo walipofika katikati, saa nane na nusu walipofika mbele, karani akasema anaomba dakika tano tu akanywe maji. Zilikuwa kumi na mbili. Bwana Wino alizihesabu. Karani aliporudi alikuwa mtu mwenye haraka ya Ijumaa. Akapekua hati ya madai, akapekua fomu ya msamaha, akafika kwenye cheti na taarifa ya akaunti iliyobanwa nyuma, akasimama.

"Jumanne zimeingia elfu sitini. Alhamisi zimetoka elfu sitini." Akainua macho. "Sabuni miche arobaini? Huyu anaoga mwenyewe au anaosha gereza zima?"

Watu wa nyuma wakacheka. Dobi alitazama chini, mguu wake ukiligusa boksi.

"Mbona hukumpa cheti cha Jumatatu, kabla hazijaingia?" karani akauliza, nusu kwa utani. "Ungejiepushia maswali yote haya."

"Hakuomba Jumatatu. Kilichotokea ndicho nilichoandika."

"Na kama msajili atasema amezitumia makusudi ili asamehewe?"

"Atasema kweli. Amezitumia makusudi," akasema Bwana Wino. "Kwa kitu pekee alichoruhusiwa kununua. Alitaka kuzilipa hapa, fomu ya kuomba idhini iko ndani humo, nakala. Yenyewe bado iko chini ya kikombe cha mdaiwa."

Karani alimtazama kwa makini, akatazama sare yake. "Wewe si mtumishi wa hilo gereza linaloshtakiwa?"

"Ndiyo."

"Haya," akasema karani taratibu, akachukua karatasi zote akaingia nazo mlango wa nyuma, kwa msajili.

Saa ile ya ukutani ilitembea kama inatembezwa na mgonjwa. Saa nane na dakika hamsini na moja. Hamsini na nne. Dobi alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili, na mtu wa nyuma yake alipomwomba asogee hakumsikia. Saa nane na hamsini na saba karani akatoka, akaketi, akavuta muhuri, akagonga. Akaandika namba ya kesi juu ya jalada, akarudisha nakala moja.

"Amesamehewa. Imepokelewa leo."

Nje, kwenye ngazi za mahakama, dobi aliishika ile nakala kwa ncha za vidole, kama shuka lisilokauka. Alipapasa mahali pa muhuri.

"Kwa nini umejisumbua hivi, kaka? Watakumwagia unga kazini."

Ungekuwa wakati mzuri wa kusema. Bwana Wino alifikiria ile fomu ya penseli, akamtazama yule mama na maboksi yake, akasema, "Kwa sababu nilizipokea mimi."

Yule mama akaitikia kwa kichwa. Akainama, akainua boksi moja begani, la pili akamwambia amsaidie kulibeba mpaka barabarani. "Nitafulia," akasema, kana kwamba amemuuliza. "Sitaki hata kuinusa, lakini kodi ya nyumba haingoji. Nitafulia mpaka iishe."

Ikapita miezi miwili. Bwana Wino hakufukuzwa, alinyimwa likizo, ikaisha hivyo. Kisha ikaja amri ya mahakama: gereza lijibu madai, na lilete karatasi zote zinazohusu vifaa vya kinga katika karakana ya sabuni. Mkuu wa gereza alimwita ofisini, akamuulizia kikohozi cha mtoto, akamkalisha.

"Kazi ni nyepesi," akasema mkuu. "Tutasema hatukuwahi kuambiwa kuna hatari. Tulipojua tu, kesho yake tukaomba miwani. Ile fomu ya wino inaonyesha hivyo. Itoe hiyo, iandikie orodha, niweke saini."

Bwana Wino alirudi stoo akafungua faili. Zilikuwa pale pale: ya wino mbele, ya penseli nyuma, zimeshikwa na pini moja iliyoanza kuota kutu. Kazi yote ilikuwa kuchomoa pini. Baada ya hapo hakuna mtu duniani ambaye angemuuliza kitu, na kijana angeambiwa na hakimu kwamba ni ajali, pole sana. Alikaa na lile faili mapajani kwa muda mrefu, akisikia maji yakidondoka kutoka tangini. Aliogopa. Alikuwa na miaka mitatu tu mpaka pensheni, na mkewe, na mtoto wa kikohozi.

Akachukua karatasi safi akaandika orodha. Akaipeleka pamoja na fomu zote mbili, pini ikiwa mahali pake.

Mkuu alisoma. Upole ukamtoka usoni polepole.

"Hii ya pili ya nini?"

"Ilitangulia, afande. Kwa wiki tatu."

"Unajua inakutaja wewe? Wewe peke yako? Mimi sikuiona hii. Bwana karakana ameleta, wewe umerudisha. Ikifika mbele ya hakimu, anayeulizwa ni wewe."

"Najua, afande."

Mkuu aliegemea kiti. Kisha akatabasamu, maana alikuwa amepata la kusema. "Tena hii si hati. Ni penseli tu. Miaka yote wewe ndiye unayetwambia hapa, karatasi ya penseli haihesabiki. Mimi mwenyewe umenirudishia barua. Au leo umebadili kanuni?"

Bwana Wino alisogea mezani. Akaweka kidole pembeni mwa ile fomu, chini ya muhuri wa tarehe, kwenye maneno yake manne yaliyokolea kama siku aliyoyaandika.

"Sijabadili, afande. Ya penseli ni yake bwana karakana," akasema. "Hii nyekundu ni yangu. Nayo ni wino."

Akaikunjua orodha, akaiweka mbele ya mkuu, akamsogezea kalamu.